Viungo vya Uzazi vya Mwanaume na Kazi Zake



Katika parokia zetu shauri moja linarudi mara nyingi. Bwana na bibi wameoana miaka mitatu ao minne, na mtoto hajapatikana. Jamaa ya bwana inakusanyika, na kila mtu anamtazama bibi. Anapewa dawa za miti, anapelekwa huku na huku, mwisho anarudishwa kwao pamoja na maneno ya aibu, ao bwana anatafuta mke wa pili. Bwana mwenyewe haulizwi neno. Wanasema: «Yeye ni mwenye nguvu, analala na bibi yake vizuri, basi ubaya hauwezi kutoka kwake.»

Tunataka kuonyesha kwamba maneno hayo si ya kweli. Nguvu ya kulala na mke ni kitu kimoja, nguvu ya kuzaa ni kitu kingine. Zinatoka katika viungo mbalimbali, na moja inaweza kuwa nzima wakati nyingine imekufa kabisa. Mwenye kujua viungo hivi na kazi ya kila kimoja hatadanganyika, wala hatamhukumu mwanamke asiye na kosa. Ndiyo sababu tutasema wazi, bila mzaha. Vitu vilivyoumbwa na Mungu vinaweza kutajwa kwa heshima.

I. Mawazo ya zamani

Aristotle, mtaalamu wa Wagreki, alifundisha kwamba katika uzazi mwanaume ndiye anayetenda, na mwanamke anatoa tu kitu cha kutendewa kazi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata katika jambo hilo, kwa maana wakati wake hapakuwa na chombo cha kuonyesha zaidi. Kwetu vilevile wengi wanafananisha mwanaume na mpanzi, mwanamke na shamba. Mfano huo una hatari yake: kama mbegu inahesabiwa kuwa nzuri siku zote, basi shamba ndilo litakalolaumiwa siku zote.

Elimu ilisogea polepole. Mwaka 1677 Antonie van Leeuwenhoek, mtu wa Uholanzi, alitazama maji ya mwanaume kwa mikroskopi, akaona ndani yake vitu vidogo vingi sana vinavyoogelea. Katika karne ya 18 padri Mwitalia Lazzaro Spallanzani aliwavika vyura dume visuruali vidogo ili maji yao yasifike kwenye mayai ya majike. Mayai yale yakabaki bure, hayakuzaa kitu. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aligundua yai la mnyama anayenyonyesha. Mwaka 1876 Oscar Hertwig alitazama mayai ya mnyama mmoja wa baharini, akaona namna mbegu ya dume na yai la jike vinavyoungana. Tangu hapo tunajua kwamba baba na mama wote wawili wanatoa sehemu yao. Hakuna mpanzi peke yake, wala shamba peke yake.

Katika maandiko haya tutaita «mbegu» vile vitu vidogo vinavyoogelea, na «maji ya uzazi» yale maji meupe yanayozichukua. Msomaji asichanganye mambo hayo mawili, kwa sababu hapo ndipo kosa linapoanza.

II. Mapumbu na kazi zake mbili

Mapumbu ni mawili, kila moja na umbo la yai dogo, urefu wake santimetri 4 ao 5. Mara nyingi moja linashuka chini kidogo kuliko lingine. Huo si ugonjwa. Yanakaa nje ya tumbo, ndani ya mfuko wa ngozi. Kwa nini nje? Kwa sababu mbegu hazitengenezwi vizuri katika joto la tumbo, ambalo ni digri 37. Ndani ya mfuko joto linapungua kwa digri 2 mpaka 4. Wakati wa baridi mfuko unajikunja na kuyavuta mapumbu karibu na mwili; wakati wa joto unalegea na kuyashusha.

Kazi ya kwanza ya mapumbu ni kutengeneza mbegu. Ndani ya kila pumbu kuna vyumba vidogo zaidi ya 200, na katika kila chumba mna mirija myembamba kama nyuzi, imejikunja sana. Ingenyooshwa na kuunganishwa, ingefika mamia ya metri. Katika kuta za mirija hiyo mbegu zinazaliwa, mamilioni mengi kila siku, tangu ujana mpaka uzee, ijapokuwa wingi na nguvu yake vinapungua kwa umri. Mbegu moja inahitaji siku 64 mpaka 74 ili kutengenezwa. Basi mtu aliyepata homa kali leo anaweza kuwa na mbegu mbaya miezi miwili baadaye. Na mtu anayetibiwa leo asitazamie matunda kesho, bali angoje miezi mitatu hivi.

Kazi ya pili ni kutengeneza homoni inayoitwa testosteroni. Homoni ni kama mjumbe: inaingia katika damu na kupeleka amri mahali mbalimbali pa mwili. Testosteroni inamtia kijana ndevu na sauti nzito, inakuza misuli, inaamsha hamu ya mwanaume kwa mwanamke. Kazi zote mbili zinaongozwa na tezi ndogo sana iliyo chini ya ubongo.

Sasa tuangalie vizuri. Testosteroni haitengenezwi ndani ya ile mirija. Inatengenezwa na seli nyingine zinazokaa katikati ya mirija. Mirija inaweza kuharibika kabisa, na seli zile zikaendelea na kazi yake. Mtu wa namna hiyo ana ndevu, ana sauti nzito, ana nguvu na hamu, lakini hana mbegu hata moja. Kwa macho hakuna anayeweza kumtambua, wala yeye mwenyewe hajui.

III. Njia ya mbegu

Mbegu zikitoka katika pumbu hazijui bado kuogelea. Zinaingia katika mrija uliojikunja nyuma ya pumbu, ambao waganga wanauita epididimi. Ukinyooshwa, urefu wake unafika karibu metri 6. Zinapita humo siku nyingi, pengine karibu wiki mbili, na humo zinapata nguvu ya kwenda mbele.

Kisha zinafuata mrija mwingine, mgumu kidogo, wenye urefu wa zaidi ya santimetri 30. Mganga anaweza kuugusa kwa vidole juu ya pumbu, kama kamba nyembamba. Unapanda, unapita kwenye kinena mahali ngiri inapotokea, unaingia tumboni, unazunguka nyuma ya kibofu cha mkojo, na mwisho unafunguka katika njia ya mkojo. Mirija hiyo ni miwili, mmoja kwa kila pumbu. Yote miwili ikizibwa, mbegu zinabaki nyuma na hazitoki, hata kama mapumbu ni mazima.

IV. Maji ya uzazi yanatoka wapi

Watu wengi wanafikiri kwamba maji yote ya uzazi yanatoka katika mapumbu. Sivyo. Nyuma ya kibofu kuna vifuko viwili vinavyotoa maji yenye sukari, chakula cha mbegu. Maji ya vifuko hivyo ni 60 mpaka 70 kwa mia ya maji yote. Chini ya kibofu, kuzunguka njia ya mkojo, kuna tezi inayoitwa prostati, yenye uzito wa grama 20 hivi kwa kijana. Yenyewe inatoa 20 mpaka 30 kwa mia. Chini yake tena kuna tezi mbili ndogo kama mbaazi, zinazotoa matone machache ya kusafisha njia. Mbegu zenyewe hazipiti 5 kwa mia.

Maana yake ni nini? Mtu asiye na mbegu hata moja anaweza kutoa maji karibu sawa na mwenzake aliye na watoto kumi. Rangi ya maji na wingi wake havisemi kama mbegu zimo. Mikroskopi peke yake ndiyo inayosema. Kwa kuwasaidia waganga, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwaka 2021 kiasi cha chini cha kulinganisha, kilichopatikana kwa kuwapima wanaume ambao bibi zao walipata mimba katika mwaka mmoja: maji ya mililita 1.4, na ndani yake mbegu milioni 39. Aliye chini ya kiasi hicho hakosi lazima kuzaa, lakini shida yake inaweza kuwa kubwa zaidi.

V. Uume

Uume hauna mfupa. Ndani yake mna nguzo tatu za nyama laini, yenye matundu kama sponji. Mbili ziko juu. Ya tatu, iliyo chini, inazunguka njia ya mkojo. Mishipa ya fahamu ikitoa amri, mishipa ya damu inafunguka, damu inajaa katika matundu, na kwa kujaa inabana njia ya kurudi. Ndipo uume unasimama. Wakati maji ya uzazi yanapotoka, mlango wa kibofu unafungwa, mkojo usichanganyike nayo. Ngozi inayokatwa wakati wa kutahiriwa haina kazi yoyote katika kutengeneza mbegu.

Basi tumefika kwenye neno letu kubwa. Kusimama kwa uume ni kazi ya damu, ya mishipa ya fahamu na ya moyo wa mtu. Kuzaa ni kazi ya mirija ya mapumbu, na ya njia kuwa wazi. Mwenye sukari katika damu anaweza kupoteza nguvu ya kwanza na kubaki na ya pili. Mwenye mirija iliyozibwa anapoteza ya pili na kubaki na ya kwanza.

VI. Maulizo mawili yanayosumbua

Ulizo la kwanza ni la waseminari. Je, kukaa bila ndoa kunadhuru viungo hivi? Hapana. Mbegu zisizotoka zinavunjwa na mwili wenyewe na kuondolewa polepole. Pengine maji yanatoka wakati wa usingizi. Hayo ni mambo ya mwili, si ugonjwa. Na kwa kuwa aliyelala hakutaka, si dhambi. Kijana asihangaike bure. Alale, aamke, aende kwenye sala na masomo yake.

Ulizo la pili ni la nyumba zenye wasichana tu. Je, mama ndiye anayechagua? Kila seli ya mwili ina kromozomu 46, lakini yai na mbegu vina 23 tu kila kimoja. Yai linachukua siku zote kromozomu X. Mbegu nyingine zina X, nyingine zina Y. Mbegu ya X ikiungana na yai, anazaliwa msichana. Ya Y, mvulana. Tofauti inatoka basi katika mbegu ya baba, wala baba mwenyewe haamuru ipi itangulie kufika. Kumfukuza bibi kwa sababu anazaa wasichana tu ni kumwazibu kwa jambo lisilotoka kwake.

VII. Mambo yanayoharibu

Ugonjwa wa kisonono, ambao wengi kwetu wanauita sopisi, na ndugu yake klamidia, vinaweza kuacha makovu katika epididimi na kuziba njia. Mtu akitibiwa mapema anapona. Akificha, maumivu yanaweza kwisha na kovu likabaki. Ugonjwa unaovimbisha mashavu chini ya masikio, unaoitwa kwa Kifaransa oreillons, ukimshika mtu aliyekwisha balehe unaweza kushuka katika mapumbu na kuharibu mirija. Kuna tena mishipa ya damu inayovimba juu ya pumbu, hasa upande wa kushoto. Inaonekana kwa wanaume 15 hivi katika 100, na wengine inawapunguzia mbegu. Tumbako na pombe nyingi zinadhuru vilevile.

Wazazi waangalie watoto. Pumbu la mtoto linatengenezwa tumboni, kisha linashuka katika mfuko kabla ya kuzaliwa. Kwa watoto 3 hivi katika 100 waliozaliwa kwa wakati wake, moja ao yote mawili hayajashuka. Yakikawia kupita miezi sita, mtoto apelekwe kwa mganga, maana kazi ya kuyashusha inafaa ifanyike karibu na mwaka wa kwanza. Kuchelewa kunaharibu mbegu za baadaye, na kunaongeza hatari ya kansa.

Wakubwa wa masomo na wa seminari ndogo wakumbuke mambo mawili ya haraka. Kijana akishikwa ghafula na maumivu makali ya pumbu, pengine pamoja na kutapika, huenda pumbu limejinyonga juu ya mishipa yake. Afike kwenye lopitali inayoweza kupasua, hasa kabla ya saa sita kupita. Baada ya hapo pumbu linaweza kufa. Tena mwenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS anaweza kusimama uume kwa maumivu, bila kulegea. Ikipita saa nne, ni hatari kubwa. Vijana wanaficha mambo hayo kwa haya. Tuwaambie mbele kwamba wanaweza kuyasema.

Kwa wazee, mapadri wazee pia, prostati inakua na kubana njia: mkojo unatoka kwa shida, usiku wanaamka mara nyingi. Mara nyingi ni uzee tu, lakini pengine ni kansa. Wakapimwe.

VIII. Sheria ya Ekleziya

Tofauti ya nguvu hizi mbili inagusa pia sheria ya ndoa. Mwaka 1587 Papa Sisto V alimwandikia balozi wake wa Hispania kwamba wanaume wasio na mapumbu yote mawili hawawezi kufunga ndoa. Kwa miaka mingi wataalamu wa sheria walibishana: je, ndoa inadai maji yaliyotoka katika mapumbu? Tarehe 13 Mei 1977 Roma ilijibu kwamba haidai. Kinachozuia ndoa ni kushindwa tendo lenyewe, tangu kabla ya ndoa na kwa daima.

Kitabu cha sheria cha mwaka 1983, kanuni 1084, kinasema vivyo hivyo. Kushindwa tendo kwa namna hiyo kunabatilisha ndoa. Kukiwa na mashaka, ndoa isizuiwe. Utasa hauizuii wala hauibatilishi. Bibi asiyezaa ni mke wa kweli, na bwana asiye na mbegu ni mume wa kweli. Lakini kanuni 1098 inaonya juu ya udanganyifu: anayejua kwamba hawezi kuzaa, akamficha mchumba wake kwa hila ili amkubali, anaweza kuifanya ndoa yake kuwa batili.

Kuna shida nyingine ya dhamiri: namna ya kupata maji ya kupimwa. Tarehe 2 Agosti 1929 Roma ilikataza kujitoa maji kwa mkono hata kwa kusudi hilo, na Papa Pio XII alilirudilia neno hilo tarehe 19 Mei 1956. Je, mume Mkristu hawezi basi kupimwa? Anaweza. Waalimu wengi wa maadili wanakubali kifuko kisicho na dawa, chenye tundu dogo, kinachovaliwa katika tendo la ndoa lenyewe. Maji yanayobaki ndani yanapelekwa upesi kwenye laboratwari. Aongee na padri na mganga.

IX. Tufanye nini?

Katika nyumba zisizopata mtoto, karibu nusu zina shida upande wa bwana, ama yeye peke yake, ama pamoja na bibi. Basi katekista akiletewa shauri hilo, afuate njia hii.

Kwanza aulize wameishi pamoja muda gani. Kabla ya miezi 12 ya kukaa pamoja sawasawa, hakuna sababu ya kusema utasa. Lakini bibi akipita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Pili, awatume wote wawili kwa mganga, si bibi peke yake. Kupima maji ya bwana ni kazi nyepesi kuliko vipimo vingi vya bibi, tena hakumwumizi. Inafaa basi kuanza mapema. Kama jibu si zuri, apimwe mara ya pili baada ya miezi miwili ao mitatu, kwa sababu tuliyoieleza juu. Tatu, azungumze na bwana kwa faragha, mbali na jamaa yake, amweleze tofauti ya nguvu mbili. Wengi wanakataa kupimwa kwa kuogopa kuitwa si wanaume. Wakielewa kwamba mbegu si kipimo cha uanaume, woga unapungua.

Nne, jibu lolote likija, lisimwache mmoja peke yake. Magonjwa mengine yanatibika. Mengine hayatibiki, na hapo nyumba inahitaji padri na katekista kuliko wakati wowote, ili jamaa isije ikavunja ndoa iliyofungwa mbele ya Mungu.

Jamaa ikikusanyika tena na kuanza kumtazama bibi, katekista aulize kwa upole neno moja tu: «Na bwana, amekwisha pimwa?» Asipopata jibu, asikubali shauri liamuliwe siku hiyo.